Mboga na Matunda ya Porini Mbeya na Iringa: Yanavyotambuliwa, Yanavyochumwa na Hatari za Kuepuka

Kati ya Desemba na Februari, mahindi yanapofika magotini katika mashamba ya Mbeya na Iringa, kazi kubwa ya kaya nyingi ni palizi. Jembe huondoa magugu, na magugu hayo huachwa kati ya mistari yakauke kwa jua. Miongoni mwake huwamo mgagani, mchicha pori, mnavu, mlenda na mchunga, mimea ambayo ikifungwa mafungu na kupelekwa sokoni huitwa mboga. Miezi hiyo ndiyo ambayo ghala huanza kupungua, maharage ya mwaka uliopita yamekaribia kwisha na mahindi mapya bado hayajakomaa. Mikoa hii ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kuishia Aprili au Mei, hivyo kipindi cha upungufu wa chakula nyumbani ndicho hicho hicho ambacho ardhi hutoa mboga nyingi kuliko wakati mwingine wowote.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano nchini wamedumaa. Mkoani Iringa kiwango hicho kilikuwa takribani asilimia 57, kikubwa kuliko mikoa yote. Iringa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na ghala lililojaa mahindi halijawa kinga ya udumavu. Sababu za hali hiyo ni nyingi: mzigo wa kazi kwa mama mjamzito na anayenyonyesha, maradhi ya mara kwa mara, usafi wa maji, na ulishaji wa mtoto baada ya kutimiza miezi sita. Mboga za majani peke yake haziwezi kuondoa tatizo hilo, wala haifai kumwahidi mzazi hivyo. Hata hivyo, mwongozo wa lishe unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku vyakula kutoka angalau makundi matano kati ya manane, maziwa ya mama yakiwa mojawapo. Uji wa unga mtupu ni kundi moja. Mgagani uliopondwa na kuchanganywa na karanga huongeza makundi mawili kwa siku moja, tena kwa gharama ndogo.

Magugu yaliyo mboga

Mgagani, ambao kitaalamu huitwa Gynandropsis gynandra, hutambulika kwa jani lililogawanyika vijani vitano mithili ya vidole vya mkono, shina lenye vinyweleo vinavyonata na harufu kali. Hupenda udongo wenye samadi, ndiyo maana huonekana kwanza kando ya zizi na kwenye mahame. Una beta karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, pamoja na madini ya chuma na kalisi. Uchungu wake hupungua ukichemshwa na maji ya kwanza kumwagwa, na baadhi ya wapishi huongeza maziwa au karanga zilizotwangwa. Majani huchumwa kabla mmea haujatoa maua, kwa kuwa baada ya hapo uchungu huzidi na majani hupungua ukubwa.

Mchicha pori ni jina la mimea kadhaa ya jenasi Amaranthus. Upo wenye majani mapana, upo wenye rangi nyekundu kwenye shina, na upo wenye miiba kwenye vikonyo, ambao nao huliwa ukiwa mchanga iwapo mchumaji ana subira ya kuchambua. Mimea hii hukua haraka. Wiki tatu hadi nne baada ya mvua za kwanza huwa tayari kuchumwa. Ina oksaleti, kemikali inayozuia mwili kufaidi kalisi, hivyo inashauriwa kuichemsha kidogo na kumwaga maji badala ya kuitumia mibichi.

Mnavu ni mboga ya familia moja na nyanya, viazi mviringo na bilinganya. Majani yake machanga huliwa baada ya kuchemshwa. Matunda yake mabichi, yale ya kijani, yana solanini na hayaliwi. Matunda yaliyoiva ya baadhi ya aina, yenye rangi nyeusi au ya chungwa, watoto wa vijijini huyala wakiwa machungani, lakini hakuna sababu ya kuwahimiza, kwani anayekosea kati ya bichi na lililoiva huumwa tumbo.

Mlenda si mmea mmoja. Jina hilo hubeba mimea ya jenasi Corchorus, ufuta pori na mingine inayotoa utelezi. Huota katika mashamba ya mahindi na ya karanga, huliwa mibichi au hukaushwa na kusagwa kuwa unga unaokaa hadi kiangazi. Kishona nguo, gugu ambalo mbegu zake hunasa kwenye sketi na suruali ya kila apitaye shambani, nalo ni mboga lingali changa, lenye majani mawili hadi manne. Likishatoa maua huwa gumu na chungu, nalo ndilo gugu analolilaani mkulima kuliko yote.

Mchunga, ambao sehemu nyingine nchini huitwa sunga, ni mboga chungu yenye utomvu mweupe. Mizizi yake hutambaa chini ya ardhi na huchipua hata baada ya kukatwa kwa jembe, hivyo hupatikana mapema hata kabla mvua hazijakolea. Utomvu huo mweupe unataka uangalifu. Mimea kadhaa ya jamii ya mziwaziwa na mtupa nayo hutoa utomvu wa namna hiyo, na baadhi yake ina sumu inayounguza mdomo na macho. Mchunga una majani marefu yenye mikato pembeni na ua la manjano linalofanana na alizeti ndogo sana. Mmea wenye utomvu mweupe usiokuwa na alama hizo usiguswe.

Mahali penye joto zaidi, kama Pawaga na Ruaha Mbuyuni mkoani Iringa, mbuyu na mkwaju huongezeka katika orodha. Majani machanga ya mbuyu ni mboga ya utelezi, na unga wa ubuyu una vitamini C kwa wingi. Rungwe na Mufindi, kwenye baridi na mvua nyingi, hakuna mibuyu, na mchumaji hutegemea zaidi mboga za bustanini na za kandokando ya mito.

Jikoni

Mboga hizi hupoteza vitamini C zikichemshwa muda mrefu au zikikatwakatwa kabla ya kuoshwa. Utaratibu unaofaa ni kuosha kwanza, kukata baadaye, na kupika kwa muda mfupi sufuria ikiwa imefunikwa. Kwa mboga chungu ambazo maji yake lazima yamwagwe, hasara hiyo haiepukiki. Kuongeza nyanya au kukamua limao wakati wa kula hufidia na husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Beta karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe, nayo mafuta ya alizeti na karanga hupatikana kwa urahisi katika mikoa hii. Chai inayonywewa pamoja na mlo hupunguza ufyonzaji wa chuma. Mikoa inayolima chai, Rungwe na Mufindi zikiwemo, ina sababu ya kulijua hilo, hasa kwa wajawazito.

Kwa kiangazi, mboga hukaushwa. Wengi huzianika juani juu ya mabati au mkeka, na hapo beta karotini huharibiwa kwa kiasi kikubwa na mwanga wa jua. Kivulini penye upepo, au katika kaushio la jua lililofunikwa, rangi ya kijani hubaki na virutubisho hubaki pia. Kuzichovya kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili au tatu kabla ya kuzianika huzuia zisiharibike haraka.

Mimea inayofanana na mboga

Hatari kubwa karibu na nyumba ni mnanaha, ambao kitaalamu huitwa Datura stramonium. Huota jalalani, kwenye maboma ya mifugo na ndani ya mashamba ya mahindi, mahali pale pale palipo na mchicha na mnavu. Ukiwa mchanga, asiyeuzoea anaweza kuuchuma pamoja na mnavu. Ukikua hutambulika: ua refu la umbo la tarumbeta, jeupe au la zambarau, tunda lenye miiba linalopasuka sehemu nne, na harufu mbaya jani linapofikichwa. Sehemu zote za mmea zina sumu. Aliyekula hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, moyo hwenda mbio, na huanza kuweweseka. Mbegu zake ndogo nyeusi huweza kuvunwa pamoja na nafaka. Machi 2019 nchini Uganda, chakula cha msaada kilichokuwa na sumu za aina hiyo, ambazo hutoka katika mimea ya jamii ya mnanaha, kiliwaathiri watu zaidi ya 300 na kusababisha vifo vya watu 5, wengi wakiwa katika eneo la Karamoja. Kung'oa mnanaha shambani kabla haujatoa mbegu ni sehemu ya usalama wa chakula sawa na kukagua ghala.

Ndulele, tunda dogo la mviringo linaloiva kuwa la manjano kwenye kichaka chenye miiba, linajulikana na wazee wengi lakini watoto wa mjini huliona kama nyanya chungu. Halifai kuliwa.

Kanuni inayofuatwa na wachumaji wazoefu ni kutochuma mmea kwa kufananisha. Anayetaka kujifunza huandamana na mtu anayezijua mboga za kijiji hicho, kwa sababu jina moja huweza kutaja mimea tofauti kutoka wilaya moja hadi nyingine, na Mhehe, Mbena, Mnyakyusa na Msafwa kila mmoja ana majina yake. Kitabu cha mimea pori inayoliwa Tanzania kilichoandikwa na Ruffo, Birnie na Tengnäs, kilichochapishwa mwaka 2002, kina michoro na majina ya makabila mengi, na ni rejea nzuri kwa maofisa ugani na walimu. Picha ya simu iliyotumwa na ndugu haitoshi kuwa uthibitisho.

Mahali pasipofaa kuchuma

Mboga nzuri iliyoota mahali pabaya si mboga. Mchicha hufyonza metali nzito kutoka katika udongo, hivyo usichumwe kwenye majalala, karibu na gereji, kwenye mifereji ya maji taka, wala kandokando ya barabara kuu ya TANZAM inayopita Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya hadi Tunduma. Petroli yenye madini ya risasi iliachwa nchini mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kutua kwenye udongo haiozi. Kandokando ya majosho ya ng'ombe napo si salama.

Tatizo linaloongezeka ni viuagugu. Wakulima wengi wa mahindi wameacha jembe na kutumia bomba, na kwa eneo kubwa uamuzi huo unaeleweka, kwani palizi ya mikono ni kazi ngumu ambayo mara nyingi huwaangukia wanawake. Baadhi ya viuagugu, kama vile vyenye 2,4-D, huua mimea ya majani mapana na kuacha mahindi. Mimea ya majani mapana ndiyo mgagani, mnavu, mchicha na mchunga. Lebo ya kiuagugu hutaja siku za kusubiri kabla ya kuvuna zao lililokusudiwa; haitaji siku za kusubiri kabla ya kula gugu, kwa kuwa gugu halikukusudiwa kuliwa. Kwa hiyo shamba lililopuliziwa halichumwi mboga msimu huo. Mwenye shamba anapaswa kuwaarifu majirani na watoto wanaochuma, na kaya inayotaka kuendelea kula mboga hizi inaweza kutenga kipande kidogo karibu na nyumba kisichopuliziwa, chenye samadi, na kuacha mimea michache itoe mbegu. Usajili na udhibiti wa viuatilifu, pamoja na viuagugu, uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Uyoga

Mvua zikishakolea, wauza uyoga huonekana kando ya barabara wakiwa na ndoo na vikapu. Misitu ya miombo ya Iringa na Mbeya ina uyoga wa aina nyingi, na nyingi kati yake huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti ya miombo na mikusu: uyoga huupa mti maji na madini, mti huulisha uyoga sukari. Miti hiyo ikikatwa kwa mkaa, uyoga huo hautoki tena, hata mvua ikinyesha vizuri. Mwingine ni uyoga wa kwenye vichuguu, unaooteshwa na mchwa chini ya ardhi. Wataalamu Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi waliandika kitabu juu ya uyoga wa Tanzania kilichotoka mwaka 2003, kikieleza unaoliwa na wenye madhara.

Ugumu ni kwamba unaoliwa na unaoua huweza kuwa wa ukoo mmoja. Jenasi ya Amanita ina aina zinazoliwa nchini kwa miaka mingi bila madhara, na humo humo zimo aina zenye amatoksini, sumu isiyoharibika kwa kupikwa, kukaangwa wala kukaushwa. Dalili zake huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kula, kwa kutapika na kuharisha. Kisha mgonjwa hupata nafuu kwa siku moja au mbili na familia hudhani amepona, huku ini likiendelea kuharibika. Nafuu hiyo ndiyo inayochelewesha wengi kwenda hospitali.

Karibu na nyumba, kwenye nyasi fupi na viwanja, huota uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, ambao vijani vyake vya chini hugeuka rangi ya kijani ukikomaa. Huo, Chlorophyllum molybdites, hufananishwa na uyoga wa vichuguu na husababisha kutapika vibaya ndani ya saa chache. Imani kwamba uyoga wenye sumu huifanya fedha iwe nyeusi, au hauliwi na wadudu, au huonekana kwa kupikwa na kitunguu saumu, hazina msingi. Wadudu hula uyoga unaoua binadamu bila kudhurika.

Mtu anayeumwa baada ya kula uyoga au mmea wowote wa porini apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na mabaki ya chakula au kipande cha mmea wenyewe. Waliokula naye chungu kimoja nao waende, hata kama hawajaona dalili. Kituo cha huduma kwa wateja cha Wizara ya Afya hupigiwa simu bila malipo kwa namba 199.

Matunda ya miombo

Makusu, matunda ya mkusu, huiva kuelekea mwanzo wa mvua na huokotwa yakiwa yameanguka, kwani lililochumwa mtini mapema halina utamu. Msada, mtowo na mbura nayo hutoa matunda yanayoliwa mabichi. Matonga, yenye ganda gumu kama mbao, huliwa nyama yake tu. Mbegu hutemwa na wala hazitafunwi, kwa kuwa zina sumu. Miti hii haihitaji kukatwa ili itoe chakula, na katika misitu ya hifadhi matumizi yake husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mlanzi unaotoa ulanzi, kinywaji mashuhuri cha Iringa, ni hadithi nyingine. Hupandwa na wenyewe, na anayegema mlanzi wa mtu mwingine hafanyi uokotaji bali wizi.

Kikande

Hayo yote yanazaa tena mwaka unaofuata. Kikande hakizai. Ni viazi vidogo vilivyo chini ya maua ya okidi za nyanda za juu, za jenasi Disa, Satyrium na Habenaria. Nchini Zambia viazi hivyo hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga, magadi na pilipili, na kupikwa kuwa chakula kigumu kinachokatwa vipande, kiitwacho chikanda. Kilikuwa chakula cha vijijini cha msimu wa njaa. Kilipogeuka kitoweo cha mijini, okidi za Zambia zilipungua na wanunuzi wakavuka mpaka kupitia Tunduma.

Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikisafirishwa kila mwaka kutoka Nyanda za Juu Kusini, na kwamba hadi aina 85 za okidi ziliweza kuwa hatarini. Okidi hutengeneza kiazi kipya kila mwaka kwa ajili ya msimu unaofuata, na kiazi hicho kipya ndicho mchimbaji anachotaka. Akikichukua, mmea umekufa. Mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na haziwezi kuota bila kuvu maalumu wa udongoni, hivyo mkulima hawezi kuzipanda kama anavyopanda viazi mviringo.

Mwaka 2005 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Taifa Kitulo, yenye kilomita za mraba 412.9 katika wilaya za Makete na za Mkoa wa Mbeya, hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kuchimba mmea wowote ndani yake bila kibali ni kosa. Nje ya hifadhi, okidi zote zimo katika orodha za Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe Walio Hatarini Kutoweka, ambao Tanzania ni mwanachama, na hakuna kiazi cha okidi kinachoruhusiwa kuvuka mpaka bila kibali cha mkataba huo. Anayechimba kwenye majani ya kijiji na kumuuzia dalali kwa debe, mara nyingi kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na ile ya sokoni ng'ambo, anabeba kosa hilo pamoja na dalali. Taarifa za uchimbaji au usafirishaji hupokelewa katika ofisi za serikali za vijiji, za Wakala wa Huduma za Misitu na za TANAPA, na wakati wa kuzitoa ni Desemba hadi Aprili, okidi zikiwa zimechanua na eneo zilipo likionekana kwa kila mtu, mchimbaji akiwemo.